Sharti na Wakati Ujao: Historia ya Kanuni Moja ya Kiingereza katika Shule za Migori na Homa Bay

UTANGULIZI

Katika sarufi ya Kiingereza inayofundishwa shuleni mna kanuni moja ambayo imewataabisha wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki. Kanuni hiyo yahusu sentensi za masharti zinazozungumzia jambo ambalo halijatokea bado. Mwanafunzi hufundishwa aseme "If it rains, we will plant", wala asiseme "If it will rain, we will plant". Matukio yote mawili, yaani kunyesha kwa mvua na kupanda mbegu, yako mbele ya msemaji. Hata hivyo, Kiingereza hukitia kishazi cha sharti katika wakati uliopo, na alama ya wakati ujao kikaiacha katika kishazi kikuu peke yake. Mwanafunzi akiuliza sababu, jibu analolipata mara nyingi ni kwamba ndivyo Waingereza wasemavyo.

Makala haya yanakusudia kuitazama kanuni hiyo kwa jicho la historia, na hasa historia ya lugha shuleni katika sehemu ambayo leo ni kaunti za Migori na Homa Bay, magharibi mwa Kenya. Hoja yake kuu ni kwamba kanuni hii si ngeni hata kidogo kwa mtoto wa huko. Kiswahili na Kijaluo, kila moja kwa njia yake, hazitii alama ya wakati ujao katika sharti la kawaida. Kilichoifanya kanuni ionekane ngeni ni mpango wa elimu ambao kwa miaka mingi ulizitenga lugha hizi tatu, hata mwanafunzi asiweze kutambua kwamba alichokuwa akifundishwa kwa taabu tayari alikuwa nacho nyumbani.

ENEO NA LUGHA ZAKE

Kaunti za Migori na Homa Bay zilitokana na Katiba ya mwaka 2010, na serikali zake zilianza kazi mwaka 2013. Kabla ya kugawanywa katika miaka ya 1990, sehemu hizi zilikuwa ndani ya Wilaya ya Nyanza Kusini, ambayo makao yake makuu yalikuwa Homa Bay. Na kabla ya hapo zilitawaliwa kutoka Kisii chini ya jina la Kavirondo Kusini.

Lugha yenye wasemaji wengi zaidi katika eneo hili ni Dholuo, yaani Kijaluo, ambayo ni ya jamii ya Kiniloti. Upande wa kusini, kuanzia Kehancha hadi Isebania na kuvuka mpaka kuingia Tarime nchini Tanzania, husemwa Kikuria, ambacho ni lugha ya Kibantu. Katika visiwa vya Rusinga na Mfangano kulikuwako Kisuba, nacho pia ni cha Kibantu, lakini kwa vizazi kadhaa kimekuwa kikimezwa na Kijaluo. Kiswahili nacho kiliingia kwa njia ya biashara na utawala. Kilisikika katika maduka ya Kendu Bay, ambako jamii ya Waislamu ilikita mizizi mapema, katika vituo vya polisi na mahakama, na katika machimbo ya shaba na dhahabu ya Macalder, ambako watu wa makabila mbalimbali walifanya kazi pamoja.

Shule zilikuja na wamisheni. Mwaka 1906 Waadventista wa Sabato, wakiongozwa na Arthur Carscallen pamoja na Peter Nyambo aliyetoka Malawi ya leo, walifungua kituo Gendia, karibu na Kendu Bay. Baadaye wakaanzisha kituo kingine Kamagambo, ambacho leo kimo Migori. Wakatoliki wa shirika la Mill Hill nao walijenga Asumbi. Wamisheni hao walijifunza Kijaluo, wakakiandika, wakakifanyia sarufi, na Gendia pakawa na mtambo wa kupigia chapa vitabu. Hivyo basi, tangu mwanzo kila lugha ilipewa nyumba yake: Kijaluo kanisani na katika madarasa ya chini, Kiswahili sokoni na barazani, na Kiingereza katika madarasa ya juu na ofisini. Nyumba hizo zilikuwa jirani, lakini hapakuwa na mlango baina yake.

KANUNI YA KIINGEREZA ILIKOTOKA

Kiingereza cha kale, kilichosemwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, hakikuwa na umbo maalum la wakati ujao. Kitenzi kilikuwa na njeo mbili tu: wakati uliopita, na wakati usiopita. Njeo hii ya pili ilibeba mambo ya sasa na ya baadaye pia. Neno "will", ambalo leo huhesabiwa kuwa alama ya wakati ujao, lilikuwa kitenzi kamili chenye maana ya kutaka, na neno "shall" lilikuwa na maana ya kuwiwa au kupaswa. Kwa karne nyingi vitenzi hivi viwili vilipungukiwa polepole na maana zao za asili, vikawa alama za jambo lijalo.

Mabadiliko hayo, hata hivyo, hayakuenea kila mahali kwa usawa. Katika kishazi kikuu "will" ilishika nafasi yake imara. Katika kishazi cha sharti mlikuwa na umbo jingine la kitenzi lililotumiwa kwa mambo yasiyo na hakika, kama vile "if it rain", pasipo "s" ya mwisho. Umbo hilo lilipofifia, nafasi yake ilichukuliwa na wakati uliopo wa kawaida, ambao tangu zamani ulikuwa na uwezo wa kuyabeba mambo ya baadaye. Kwa hiyo "if it rains" ni mabaki ya utaratibu mkongwe kuliko "will" yenyewe, na wakati ujao wa Kiingereza ulikua ukakikuta kishazi cha sharti kimekwisha kuwa na desturi yake.

Ikumbukwe pia kwamba kanuni hii haikufuatwa na Waingereza wote katika maandishi yao. Wanasheria walizoea kuandika "if any person shall", wakitia "shall" ndani ya sharti lenyewe. Mwaka 1843 mwanasheria George Coode aliandika kuipinga desturi hiyo. Alieleza kwamba sehemu ya sheria inayotaja hali au sharti yafaa iwe katika wakati uliopo au uliotimia, na "shall" iachiwe sehemu inayoamuru. Pamoja na hoja yake, mazoea yale ya kale hayakutoweka upesi, na lugha ya sheria iliyofika Kenya pamoja na utawala wa Kiingereza ilikuwa bado nayo. Kwa hiyo mwanafunzi aliyefundishwa darasani kuwa sharti halibebi wakati ujao aliweza kukutana na kinyume chake katika hati ya serikali.

KISWAHILI NA SHARTI

Kiambishi "-ta-" cha Kiswahili, kwa maelezo yanayokubaliwa na wanaisimu wengi, kimetokana na kitenzi "taka". Kwa hiyo "-ta-" na "will" ni ndugu wa maana: lugha mbili zisizo na nasaba zimepita njia moja, kutoka kutaka jambo hadi kulitazamia jambo. Na kama ilivyo kwa Kiingereza, Kiswahili nacho hakikuiingiza alama hii mpya katika sharti la kawaida. Hapo kina kiambishi cha "-ki-", ambacho Edward Steere alikieleza katika kitabu chake cha mwaka 1870, na ambacho Ethel Ashton alikichambua kwa kirefu katika sarufi yake ya mwaka 1944.

Jambo la kuzingatia ni kwamba "-ki-" haitaji wakati wowote. Husemwa: "Mvua ikinyesha, tutapanda." Husemwa pia: "Mvua ikinyesha, wakulima hupanda." Na tena: "Mvua ikinyesha, wazee wetu walikuwa wakipanda." Kitenzi cha sharti hakikubadilika hata mara moja, ingawa sentensi ya kwanza ni ya wakati ujao, ya pili ni ya mazoea na ya tatu ni ya wakati uliopita. Kishazi cha sharti huazima wakati wake kutoka kishazi kikuu. Chenyewe hutaja jambo tu, kikaliacha kama lisilojulikana bado.

Kiswahili kina njia nyingine ya kuunda sharti, nayo ni neno "kama". Baada ya "kama", kiambishi "-ta-" chaweza kutokea bila ya kosa: "Kama itakusaidia, nitakuazima jembe langu." Sentensi hii haina maana sawa na "Ikikusaidia, nitakuazima jembe langu." Katika ile ya "-ki-", msaada ni lazima uonekane kwanza ndipo jembe liazimwe, jambo ambalo haliingii akilini. Katika ile ya "kama", msaada huja baada ya kuazimwa, na msemaji anafanya makisio ya matokeo yatakayofuata. Inashangaza kuona kwamba Kiingereza nacho hufanya hivyo hivyo. Mwingereza husema "If it will help you, I will lend you my hoe" bila ya kuvunja kanuni yoyote, kwa sababu msaada unafuata kuazimwa, hautangulii.

Tena "kama" hutumika pale ambapo hapana sharti lolote: "Sijui kama atakuja." Hapa pana swali lililofichwa ndani ya sentensi, na "-ta-" ni ya lazima ikiwa jambo ni la baadaye. Kiingereza nacho kwa maana hiyo husema "I do not know if he will come". Kwa hiyo neno "if" lina kazi mbili, na neno "kama" lina kazi hizo hizo mbili. Lakini "-ki-", ingawa hubeba sharti, haiingii katika swali lililofichwa.

KIJALUO NA SHARTI

Kijaluo hutumia neno "ka", ambalo kwa kadiri kubwa huchukua nafasi ya "kama" na ya "-ki-" pamoja. Wakati ujao huonyeshwa mara nyingi kwa kitenzi "biro", ambacho maana yake ya asili ni "kuja". Msemaji akitaka kusema "nitakuja" husema "abiro biro", yaani kitenzi kile kile kinatokea mara mbili, kwanza kama alama ya wakati ujao na kisha kama tendo lenyewe. Ikiwa Kiingereza na Kiswahili viliufikia wakati ujao kwa kutaka, Kijaluo kiliufikia kwa kuja.

Hata hivyo, katika sharti la kawaida "biro" haionekani. Husemwa: "Ka koth ochwe, wabiro puro", yaani "Mvua ikinyesha, tutalima." Maneno "koth ochwe" yakiandikwa peke yake husomeka "mvua imenyesha". Kijaluo basi humweka msemaji mahali ambapo mvua imekwisha kunyesha, kisha kutoka hapo humwonyesha kazi itakayofuata. Alama ya wakati ujao imo katika kishazi kikuu tu, sawasawa na ilivyo katika Kiingereza na Kiswahili. Lakini katika swali lililofichwa "biro" hurudi: "Ok ang'eyo ka obiro biro", yaani "Sijui kama atakuja."

Ulinganifu huu unakatika tunapofika masharti ya mambo yasiyotokea. Kiswahili husema "Ningalijua, nisingalikwenda", kikitia "-ngali-" pande zote mbili. Kijaluo nacho husema "Ka dine ang'eyo, dine ok adhi", na neno "dine" limekaa pande zote mbili pia. Kiingereza hakifanyi hivyo: "would" hukaa katika kishazi kikuu, na kishazi cha sharti hupewa umbo la wakati uliopita. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika "If I would have known, I would not have gone" amefuata mantiki ya lugha mbili anazozijua. Hapa kweli Kiingereza ni kigeni, na mwalimu ana haki ya kutumia muda mwingi. Lakini katika sharti la wakati ujao si kigeni, na kosa linalotokea huko lahitaji maelezo mengine.

SERA YA LUGHA NA MATOKEO YAKE

Maelezo hayo yanapatikana katika historia ya shule. Katika miaka ya 1920 tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilipendekeza lugha za wenyeji zitumike katika madarasa ya mwanzo, na mwelekeo huo ukakubaliana na desturi iliyokuwapo tayari katika shule za misheni za Nyanza. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ili kusanifisha Kiswahili. Lakini mwaka 1955 tume ya kifalme iliyochunguza hali ya Afrika Mashariki ilitangaza kwamba kumfundisha Kiswahili mtoto ambaye elimu yake ya mwanzo ilikuwa kwa lugha nyingine ya Kiafrika ni kupoteza wakati na juhudi. Kwa maoni hayo, Kiswahili kilipungukiwa nguvu katika shule za sehemu kama Nyanza Kusini.

Mwaka 1957 Kenya ilianzisha Kituo Maalum cha kutayarisha masomo ya kufundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, mpango ambao baadaye ulijulikana kama Mbinu Mpya ya Shule za Msingi. Baada ya uhuru, Tume ya Elimu iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde mwaka 1964 iliunga mkono Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu mwanzo, na ikapendekeza Kiswahili kifundishwe kama somo. Mpango huo ulikuwa na mema yake, kwani ulileta vitendo, michezo na picha darasani. Lakini msingi wake ulikuwa kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza, na lugha za nyumbani zisiingilie. Katika shule nyingi za Kenya mtoto aliyesikika akisema lugha ya kwao alivishwa kibao cha aibu shingoni.

Katazo hilo halikuizuia akili ya mtoto kutafsiri. Liliizuia tu isiongozwe. Mtoto aliendelea kujenga madaraja yake kimya kimya, na alijenga kwa maneno yaliyokuwa karibu. Neno "if" alilipachika kwenye "ka" na "kama", si kwenye "-ki-", kwa sababu "-ki-" si neno linalosimama peke yake na hakuna aliyemwonyesha kwamba nalo ni "if". Neno "will" alilipachika kwenye "biro" na "-ta-". Kisha, kwa kuwa "ka obiro biro" na "kama atakuja" ni maneno sahihi kabisa katika swali lililofichwa, aliona "if it will rain" kuwa sahihi pia. Kosa lake ni la kuchanganya kazi mbili za neno moja. Laiti angaliulizwa "mvua ikinyesha" au "ka koth ochwe" kwa Kiingereza ni nini, angaliona mwenyewe kwamba alama ya wakati ujao haina nafasi hapo.

Mwelekeo ulibadilika tena baadaye. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa matatu ya mwanzo na Kiswahili kiwe somo la lazima. Kufuatia Ripoti ya Mackay ya mwaka 1981, mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, na Kiswahili kikatahiniwa kwa wanafunzi wote. Tangu hapo mtoto wa Homa Bay alisoma "-ki-", "-nge-" na "-ngali-" katika saa moja, na sentensi za "if" katika saa nyingine, mara nyingi siku moja na katika chumba kimoja. Lakini masomo hayo mawili yalikuwa na vitabu viwili, mitihani miwili, na aghalabu walimu wawili wasioulizana. Kiingereza kiligawanywa katika aina ya kwanza, ya pili na ya tatu ya masharti, na Kiswahili katika viambishi vyake. Ukuta wa zamani ulibaki, ingawa sasa nyumba zote zilikuwa ndani ya ua mmoja.

Wala jambo hili halikuishia kwenye alama za mtihani. Kiingereza ndicho lugha ya mikataba na sheria nyingi zinazomgusa mwananchi. Mkulima wa miwa wa Awendo, au mvuvi wa Mbita anayetia sahihi hati ya mkopo, aweza kukutana na sharti lililoandikwa kwa "shall". Asipojua kwamba "shall" hiyo ni desturi ya kale ya wanasheria, aweza kulisoma sharti kama amri, akadhani analazimishwa kutenda jambo ambalo hati inasema tu "likitokea". Tofauti kati ya "akichelewa kulipa" na "lazima" ni tofauti inayoweza kumgharimu mtu shamba au mashua. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa hiyo kuhamisha sharti kutoka lugha moja hadi nyingine kwa usahihi ni kazi ya umma, si zoezi la darasani tu.

HITIMISHO

Imeonyeshwa kwamba lugha tatu zilizokutana Migori na Homa Bay, mbali na tofauti zake za asili, zakubaliana katika jambo moja: kishazi cha sharti hakitaji wakati bali hutaja jambo ambalo kutokea kwake hakujajulikana. Kiingereza hutumia wakati uliopo, Kiswahili hutumia "-ki-" isiyo na wakati, na Kijaluo hutumia umbo la jambo lililotimia. Zote tatu huuweka wakati ujao katika kishazi kikuu, na zote huurudisha baada ya neno la sharti pale tu ambapo kazi ya neno hilo imebadilika.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, unaagiza lugha ya eneo itumike katika madarasa ya chini. Agizo hilo litakuwa na faida ikiwa mwalimu wa Kiingereza atapewa ruhusa ya kuanza na "ka koth ochwe" au "mvua ikinyesha" kabla ya kuandika "if it rains" ubaoni. Upande wa Kuria itafaa aanze na Kikuria, ambacho mfumo wake wa nyakati una njia zake, badala ya kudhani kwamba kila mtoto wa Migori ni msemaji wa Kijaluo. Na Kisuba, ambacho wazee wachache wa visiwani bado wanakikumbuka, chastahili kuandikwa sharti zake mapema, kwani lugha inapokufa, namna yake ya kuitazama kesho hufa nayo. Kazi hiyo haihitaji vyombo vya gharama. Yahitaji mwalimu anayeamini kwamba mtoto anapoingia darasani tayari ana sarufi kichwani, na kwamba sehemu kubwa ya kufundisha ni kumwonyesha kile alicho nacho.